Darasa la Kiingereza cha vitamu pale Ng'ambo, Tabora: lipieni, ila kijitabu kirekebishwe

Watu wa Tabora na nyie mnaofanya kazi kwenye reli, naona mnaulizana sana kuhusu lile darasa la jioni la Kiingereza cha vitamu, yaani maneno ya keki, pipi, asali na kadhalika, linalofanyika kwenye baraza la duka la mikate kule Ng'ambo. Wengine wanasema ni la Wachina tu, wengine wanasema watu wanaenda kula keki hawaendi kusoma. Mi nimesoma pale na wenzangu wa kazini kwaio nasema nilichokiona. Nendeni. Hela yenu haipotei, mtatoka na maneno na mtatoka mmeshiba, ila kuna mambo ya kurekebisha, hasa kijitabu chake cha maneno, na ntayasema yote maana nalipenda hili darasa na nataka lidumu.

Mi ni karani wa stoo kwenye mradi wa SGR, ile reli mpya ya kisasa, kipande cha Tabora kwenda Kigoma, kile cha kilomita 506 ambacho mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022 na wajenzi ni makampuni ya Kichina. Sasa pale stoo mwenzangu Mchina hana Kiswahili cha kutosha, mi Kichina sijui, tunakutana kwenye Kiingereza. Kiingereza cha nondo, sementi, grisi na bolti tunakiweza wote, tena haraka haraka. Shida inaanza saa nne tukikaa kunywa chai. Mtu anatoa simu anataka kukuonyesha mwanae kule kwao siku ya bethidei, keki kubwa, watoto wamezunguka meza, anaanza kueleza, anafika katikati neno hamna, na wewe wa kumsaidia neno huna, mnabaki mnacheka tu na kutikisa vichwa mpaka chai inapoa. Watu mnashinda pamoja kutwa nzima na hamjawahi kuongea kitu zaidi ya nondo! Hapo ndo hili darasa linapoingia, na ndo maana nalitetea.

Mwalimu ni mzee mstaafu wa sekondari. Wachina wanamwita laoshi, yaani mwalimu, na sa hivi hata watoto wa mtaani wakipita wanamwamkia "shikamoo laoshi". Utaratibu wake ni kwamba sinia linawekwa mezani limefunikwa kawa, kila kipindi na kundi lake, leo vya kukaanga, siku nyingine vya kuoka, vya baridi, pipi, asali. Anafunua, anachukua kimoja, na hakuna kula mpaka useme kinaitwaje, kimetengenezwa na nini, kikoje mdomoni, halafu ukiombe kwa adabu kwa sentensi nzima. Ukikosea anakwambia "rudia mwanangu", hata kama una mvi. Unamkuta injinia mzima, kofia ya kazi ameiweka pembeni, anasema polepole May I have a piece of that, please, macho yote yako kwenye kashata.

Hiyo "kikoje mdomoni" ndo inayofanya darasa hili liwe tofauti. Kwenye vitabu vingi unapewa jina na picha, basi. Pale unafundishwa crunchy, crispy, chewy, sticky, crumbly, fluffy, na kila neno lina kitu chake kwenye sinia. Andazi la moto ni fluffy. Tende ni chewy. Kileja ukikishika vibaya kinakumeguka mkononi, hiyo ndo crumbly. Wachina wakauliza swali zuri sana, crispy na crunchy tofauti yake nini, maana wao vyote wanaviita cui. Mwalimu hakuandika kitu ubaoni. Alichukua biskuti nyembamba akaivunja karibu na sikio la aliyeuliza, ikalia mara moja ikaisha, halafu akampa kashata ya karanga, ile ya sukari iliyoungua vizuri ikawa kahawia, akamwambia tafuna, na jamaa akaanza kutafuna mpaka wa meza ya nyuma wanasikia. Ya kwanza crispy, ya pili crunchy. Hakuna aliyeuliza tena.

Na hapo hapo fundi mmoja wa mitambo, mtu mkimya kweli, hata kazini sauti yake huisikii, akaichukua kashata akaigeuza geuza akasema hii kwao ipo, wanaiita huasheng tang, pipi ya karanga. Kiingereza chake peanut brittle. Alivyojua tu hilo neno akaongea kuliko siku zote nilizomjua, kwamba kule inauzwa mtaani, inakatwa vipande na kisu kikubwa ikiwa bado ya moto, watu wananunua sana karibu na mwaka mpya wao. Mi nilikuwa nashangaa tu, maana tumeshahesabu mataruma pamoja sijui mara ngapi sijawahi kumsikia akimaliza sentensi tatu.

Hilo neno tang linawasumbua Wachina kuliko yote na mwalimu analijua, kwaio analishughulikia mapema. Kwa Kichina tang ni sukari, na tang hiyo hiyo ni pipi. Matokeo yake mtu anaingia dukani anataka pipi za kumpa mtoto wa jirani, anasema sugar, anapimiwa nusu kilo. Pale baraza anafundishwa sugar, sweet, candy, toffee, lollipop, chewing gum, kila moja anashika mkononi, na sisi wenyeji tunafaidika maana wengi wetu zote ni pipi au bablishi tu. Halafu sukari ya kahawia wao wanaiita hong tang, sukari nyekundu, wanaitafsiri red sugar na Mwingereza hawaelewi, yeye anasema brown sugar. Na chai isiyo na maziwa kwao ni hong cha, chai nyekundu, Mwingereza anaiita black tea, na sisi tunasema chai ya rangi bila kutaja ni rangi gani! Darasa zima tulicheka hapo, na tangu siku ile kazini hakuna anayekosea kuagiza chai.

Kipindi cha pipi ndo kilichofanya nimheshimu mwalimu zaidi. Kwenye sinia kulikuwa na jelly, na kulikuwa na marshmallow, zile pipi laini zinazobonyea kama sponji, ambazo mwanafunzi mmoja alikuja nazo kutoka Dar. Wachina marshmallow na zile sukari za nyuzi nyuzi wanazouziwa watoto kwenye maonyesho wanaziita kwa jina moja, mianhua tang, pipi ya pamba, kwaio wakafundishwa kuzitenganisha. Ila kabla hata hajafunua kawa mwalimu akasema wazi kwamba vitu hivi mara nyingi vinagandishwa kwa jelatini, na jelatini inatoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, nguruwe au ng'ombe, kwaio sentensi ya kwanza ya jioni ile ilikuwa ni swali: Does this have gelatin in it? Tabora hii Waislamu tuko wengi, na mtu kukumbuka hilo bila kuambiwa ni heshima kubwa. Jelly yake mwenyewe alikuwa ameigandisha kwa aga inayotokana na mwani, na Wachina wakasema kwao inatumika sana kwenye vitamu vya baridi. Wote tukala. Marshmallow wakala waliotaka, na hakuna aliyesukumwa.

Sasa huyu mama anayekaanga kaimati lazima nimtaje maana bila yeye darasa hamna. Mwanzoni Wachina walikuwa wanakula kaimati zake wanasema not too sweet, very good. Mama akauliza wanasemaje, akatafsiriwa kwamba wanasema sio tamu sana, basi akanuna, akarudi jikoni, sahani iliyofuata shira ilikuwa inaogelewa. Sahani ile ikarudi karibu nzima, akanuna zaidi. Ikabidi mwalimu amkalishe chini amweleze kwamba kwa hawa wageni kitamu ambacho sukari yake haikupigi ndo kitamu bora, wanasema bu tai tian na hiyo ni sifa, tena sifa kubwa. "Kwaio walikuwa wananisifia?" "Walikuwa wanakusifia, dada yangu." Sa hivi anatoa sahani mbili, moja ya kwetu yenye shira nzito na iliki, nyingine ameipitishia shira kidogo tu. Na mwalimu akaifanya kuwa somo kamili, jinsi ya kusema ladha yako kwa Kiingereza bila kumuumiza aliyepika. Ukisema tu It's not too sweet, mpishi wa hapa anaumia, ongeza that's how I like it na mambo yanakaa sawa. Usiseme too sweet kavu kavu, sema a little too sweet for me. Hili somo lilitakiwa lifundishwe mashuleni jamani, tunamaliza fomu foo tunajua kuchambua sentensi lakini hatujui kukataa kipande cha pili cha keki kwa adabu.

Kama hela yako ni ya kipindi kimoja tu, basi nenda cha asali. Sisi ndo Tabora, asali ya miombo ya Sikonge na Urambo na Kaliua inajulikana nchi nzima, na mwalimu siku hiyo anajipanga kweli kweli. Alileta aina mbili kwenye glasi za kioo, ya nyuki wakubwa wanaouma, nzito, kahawia, na ya nyuki wadogo wasiouma, hiyo ni nyepesi na ina uchachu fulani kwa mbali. Akaweka sega zima kwenye sahani na donge la nta pembeni. Honey, honeycomb, beeswax, beehive, stingless bee, thick, runny. Hilo runny kila mtu alilipenda kwa sababu unainamisha glasi na unaiona yenyewe inakimbia, ile nzito bado inajivuta. Kulikuwa na glasi nyingine ya asali iliyoganda, na hapa mwalimu alisema jambo ambalo na wenyeji tulilihitaji, maana wapo watu wakiona asali imeganda wanasema imechanganywa sukari. Asali safi nayo inaganda, ni glukosi iliyomo ndani inajitenga na kuwa chembe chembe, inategemea na maua nyuki waliyokwenda, na ukiiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu inarudi. Neno lake crystallized. Mwenzangu mmoja aliacha kununua asali hapa mjini kwa sababu ya kuganda tu, baada ya siku ile alinunua madumu mawili ya kupeleka likizo.

Akawaonya pia kwamba wakienda Uingereza wakikuta honeycomb kwenye duka la pipi wasidhani ni sega, ile ni sukari na shira zimechemshwa zikatiwa bekingi soda zikajaa matundu, nyuki hajaigusa. Hii nayo mi sikuwa naijua.

Mambo ya sarufi hayakai muda mrefu, na hilo ni sawa kwa darasa la namna hii, ila kuna moja lilinifurahisha. A slice of cake, a scoop of ice cream, a bar of chocolate, a jar of honey, sisi Waswahili tunahangaika nayo, Wachina inawaingia mara moja kwa sababu lugha yao nayo huwezi kuhesabu kitu bila neno la kipimo katikati, keki ni yi kuai dangao, kipande kimoja cha keki. Wanachosahau ni ile s ya wingi, two cake, three biscuit, maana kwao nomino haibadiliki. Sisi s tunaikumbuka ila tunaongeza irabu mwisho wa kila neno. Na wao pia wanaongeza! Chocolate sisi chokoleti, wao qiaokeli. Kwaio mazoezi ya kufunga neno kwa konsonanti, tart, fudge, custard, tunayafanya wote pamoja kwa sauti, na mafundi wa bodaboda waliopo jirani wanatuitikia.

Vitamu vya Waingereza wenyewe ambavyo hapa havipo, trifle, treacle tart, crumble, anavipitia kwa picha haraka na kuendelea, na mi naona amefanya sawa. Niliwahi kulipa darasa jingine la Kiingereza, silitaji, ghali zaidi ya hili, tukafundishwa wiki nzima vyakula ambavyo hakuna mtu darasani aliyewahi kuviona, na hakuna neno hata moja lililobaki kichwani. Hapa vitu vya kwetu ndo mlango, halafu kutoka hapo unaenda mbali. Skonzi kwa mfano, ile mikate yetu laini ya hamira, ukimwambia Mwingereza scone anafikiria kitu kingine kabisa, kigumu kigumu cha bekingi pauda kinacholiwa na jamu na krimu, kwaio skonzi yetu ni bun. Mwenye duka la mikate alisikia hilo na ameshabadilisha kibao chake cha Kiingereza pale kaunta.

Na Wachina nao wanaleta vya kwao. Sikukuu yao ya katikati ya vuli, inayoangukia tarehe 15 mwezi wa nane wa kalenda yao, walikuja na mooncake, keki nzito za duara zenye nakshi juu, ndani zimejazwa maharage mekundu yaliyosagwa na sukari, red bean paste. Maharage ya sukari! Watu wa bara tuliangaliana. Dada mmoja wa Pwani ndo alituokoa, akasema kwao maandazi na mbaazi za nazi ni chai ya asubuhi mbona, akala cha kwanza akaomba cha pili, tena kwa sentensi nzima. Baada ya hapo kila mtu akaonja. Mi nilipenda, ni kavu kidogo, inataka chai pembeni.

Haya, kijitabu. Elfu tatu kinauzwa, fotokopi nyeusi na nyeupe, na hapa mwalimu naomba usikie kwa upendo. Kwanza kimechanganya Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani bila kusema kipi ni kipi. Ukurasa mmoja biscuit, unaofuata cookie, hujui ni vitu viwili au kimoja. Candyfloss hapa, cotton candy pale, ice lolly na popsicle, icing na frosting. Hata jelly, Mwingereza ni ile ya kutikisika, Mmarekani akisema jelly anapaka kwenye mkate. Na pudding ndo balaa zaidi, kwa Mwingereza inaweza kuwa kitamu chochote cha mwisho wa mlo, kwa Mmarekani ni kile laini cha maziwa, na Wachina wanayo buding yao ambayo inafanana na hiki cha pili, kwaio mwanafunzi anaona amelijua neno kumbe amelijua nusu. Darasani mwalimu anaeleza vizuri, lakini aliyekosa kipindi akabaki na kijitabu anapotea. Ni kuweka herufi mbili tu pembeni ya kila neno, U na M.

Pili, safu ya Kichina imeandikwa kwa herufi zetu bila alama za sauti na bila maandishi yao wenyewe. Kwao sauti ikipanda au ikikaa juu neno linabadilika, tang ya sauti ya juu iliyonyooka ni supu, tang ya sauti inayopanda ndo sukari. Wenzangu walikuwa wanasoma wanakisia, na mmoja alikaa na kalamu akajaza maandishi ya Kichina kwenye nakala yake yote kwa mkono, kazi nzuri mno. Mwalimu aiazime hiyo nakala aitolee fotokopi, shida imeisha. Na picha ziwe za rangi japo ukurasa mmoja, maana kwenye fotokopi keki ya chokoleti na kipande cha mkaa huwezi kuvitofautisha.

Kipindi cha kusoma pakiti za dukani ni kifupi ila msikikose. Glucose syrup, fructose, molasses, corn syrup, mtu unaona majina mengi kumbe yote sukari. Mwalimu aliandika ubaoni mwongozo wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa 2015, kwamba sukari ya kuongezwa, na ile ya asali na juisi ikiwemo, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kwa mtu mzima ni kama gramu 50, vijiko 12 vya chai. Tukahesabu soda moja na kaimati za jioni ile, watu wakanyamaza. Yeye mwenyewe chai yake haina sukari, ndo maana akawekewa na mama kikombe chake peke yake.

Malipo ni elfu tano kwa kipindi, chakula ndani yake, ukilipa mwezi mzima unapunguziwa. Njooni kabla ya magharibi, kuna mapumziko ya swala halafu mnaendelea. Jumamosi panajaa sana, viti haviishi kugombaniwa, siku za katikati ya wiki ndo nzuri. Ramadhani wanahamisha muda, wanaanza baada ya futari. Daftari uje nalo mwenyewe. Wenye watoto wanaruhusiwa kukaa nao ila mtoto naye haonji mpaka aombe kwa Kiingereza, na niwaambie ukweli, watoto wanatushinda. Kipindi kinachofuata ni cha vya baridi, aiskrimu na lambalamba, kama umeme utakuwepo. Usipokuwepo anafundisha karanga za sukari.